Mbao za Rangi Katika Furu Langu

Kama tumbo lako linakukata mwezi baada ya mwezi, na kila kipimo kinasema huna kitu, kaa karibu nami kidogo. Mimi si daktari. Mimi ni mpika mikate wa mtaa wa Bigo, hapa Bunia, mashariki ya Kongo, na ninachokijua nimekijua kwa mwili wangu mwenyewe, ambao mwaka jana ulitaka kunikimbia. Leo nakula na kulala, na napanda kwenda sokoni bila kushika kuta za watu. Naandika nikiwa nimeshiba, na kwa muda mrefu sikuamini kwamba nitashiba tena.

Mambo yalianza na barabara. Walipoamua kuipanua, nyumba nyingi za wakati wa Wabelgiji zilizokuwa pembeni zilipigwa alama nyekundu, kisha zikabomolewa. Malori yalishusha vifusi kwenye bonde lililo chini ya mtaa wetu, juu kidogo ya chemchemi tunayochota maji. Kulikuwa na matofali, vipande vya plasta, chokaa, mabati yaliyokunjika, vioo na mbao. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka mlima bondeni. Nasi hatukulalamika, kwa sababu mtaa mzima ulishuka kuokota. Wengine walichukua matofali, wengine walinyoosha misumari, na mimi nilichukua mbao.

Mbao zile nilizipenda kama mjinga. Zilikuwa za milango, madirisha na dari, ngumu na kavu kabisa, na rangi juu yake tabaka kwa tabaka, kijani juu ya manjano, manjano juu ya buluu. Wakati huo kuni zilikuwa adimu kwa sababu njia za kwenda Djugu na Irumu hazikuwa salama. Jirani zangu walihangaika na kuni mbichi zinazolia machozi, na mimi nilikuwa na rundo kubwa nyuma ya nyumba. Nilijiona mwenye akili kuliko wote. Akili ni mali, wanasema, na mimi nilijiona tajiri.

Furu langu, yaani tanuri la mikate, lilijengwa kwa matofali na udongo. Moto unawashwa ndani ya tumbo lake lenyewe. Likishapata joto, unakokota makaa na majivu nje, unafagia sakafu kwa majani mabichi, na mikate unaipanga palepale moto ulipokuwa. Mbao zile zilipowaka, rangi ilichemka kama uji na kutoa moshi wenye harufu ya utamutamu. Nilikuwa nainama mlangoni nikiupuliza moto, kisha naingiza kichwa kufagia. Nilikula mkate wa kwanza wa kila asubuhi, kwa sababu muuzaji asiyeonja chake ni mwongo.

Kosa langu kubwa halikuwa hilo, bali chumvi. Mama yangu alinifundisha kutengeneza chumvi ya majivu. Unaweka majivu kwenye sahani kuukuu iliyotobolewa, unamwagia maji polepole, na yale maji ya kahawia yanayodondoka unayatia kwenye maharagwe au sombe, majani ya muhogo, ili vilainike upesi. Mama alichoma maganda ya ndizi na mabua ya maharagwe, basi. Mimi nilitazama majivu ya furu yanajaa ndoo kila siku, nikaona ni kazi bure kwenda kutafuta maganda. Nikachuja majivu ya milango ya Wabelgiji, nikayatia kwenye sombe ya watoto wa watu. Mabaki nikayamwaga kwenye bustani ya lengalenga, mchicha wetu, nikiamini naipa mbolea.

Aliyepika nyumbani kwetu alikuwa wifi yangu, Georgine, mdogo wa mume wangu. Alitufikia kutoka upande wa Djugu baada ya kijiji chao kuchomwa, akiwa na godoro moja na sufuria moja. Mwanamke wa maneno machache, anayefanya kazi kama mtu anayeogopa kuwa mzigo. Tuligawana bila kuambiana, mimi nikabaki na furu, yeye akachukua jiko la nyumba. Chumvi ya majivu nilimpa mimi kwa mkono wangu, ndani ya chupa, kila wiki.

Ugonjwa uliingia wakati wa mvua, mahindi yakiwa machanga. Kwanza kinywa kilikuwa na ladha kama ya sarafu unapoiweka ulimini. Baadaye tumbo likaanza kusokotwa, linakaza mpaka nakunja magoti, kisha linaachia. Choo kilikataa wiki nzima. Niliishiwa rangi, midomo ikawa ya majivu. Halafu hasira. Nilimgombeza mume wangu kwa sababu ya kikombe, nikamgombeza binti yetu Debora, wa miaka tisa, kwa sababu ya kucheka. Nilikuwa najisikia nikigomba na sikuweza kujizuia.

Niliyajua mabenchi ya Bunia msimu ule. Kwenye kituo cha afya cha kwanza tulipewa namba zilizokatwa kwenye katoni, na namba yangu ilikuwa na picha ya nusu ya samaki wa kopo. Walinitibu malaria. Kwenye kituo cha pili walinitibu tifoidi, kisha minyoo, kisha vidonda vya tumbo. Sitawasema vibaya, kwani kila mmoja alinitibu kwa ugonjwa aliouzoea. Ninachokumbuka zaidi ni mama mmoja mzee tusiyejuana, aliyeona nimekunjika kwenye benchi akanilaza kichwa kwenye paja lake kana kwamba ni mtoto wake, na namba yake ilipoitwa akaniachia kitenge chake niendelee kulalia. Alirudi kukichukua jioni. Kama unasoma haya nawe uko kwenye benchi, tazama kando yako, mtu kama huyo mara nyingi yupo.

Mikono ilikuja baadaye, mvua zikikaribia kuisha. Asubuhi moja niliinua bonge la unga, na kiganja changu cha kulia kikaning'inia kwenye kifundo, hakinyanyuki. Nikacheka kwanza. Nikajaribu tena, nikaacha kucheka. Mume wangu alinipakia kwenye pikipiki ya kukodi, yeye nyuma akinishika, na nikalazwa hospitalini.

Huko nilikaa wiki mbili, na jambo la ajabu ni kwamba nilipata nafuu. Maji ya mshipani, dawa za maumivu, uji wa hospitali usio na ladha, na tumbo likalegea. Niliporudi nyumbani sikumaliza siku tano kabla halijaanza kunisokota tena. Hapo watu wakaanza kupiga hesabu zao. Dada yangu mkubwa, ambaye ananipenda kwa kelele, alisema mbele ya wote kwamba mtu anayepona akiwa mbali na kuugua akirudi nyumbani, basi ugonjwa wake uko nyumbani. Alinipeleka kwa mganga mmoja. Yule aliniangalia, akanipa dawa ya kutapika sumu, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana. Kisha akasema kwamba sumu yangu iko kwenye mkono unaoshika sufuria.

Mkono unaoshika sufuria nyumbani kwetu ulikuwa mmoja tu.

Nataka kuandika hapa kwamba nilimtetea Georgine, lakini sikumtetea. Nilikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu anataka jina la kuyapa. Tukaanza kumtaka aonje kila chakula mbele yetu kabla ya mtu mwingine kugusa. Alionja kila kimoja. Alipoonja na asife, dada yangu akasema anayetia sumu anajua dawa yake. Unaona jinsi mambo hayo yanavyokwenda, ukifa una hatia na usipokufa una hatia. Mume wangu alikonda kuliko mimi. Siku moja alikaa kwenye kizingiti akaniambia, bila kunitazama, “Ule ni dada yangu. Na weye ni bibi yangu. Unataka nikate mukono gani?”

Georgine alisikia kutoka jikoni, na asubuhi iliyofuata alifunga godoro lake kwa kamba, akaondoka kwenda kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya mji. Hakulaani mtu. Sufuria yake aliiacha jikoni, imeoshwa.

Mtaa ulishangilia kwa chini chini. Mimi nikasubiri kupona.

Sikupona. Dada yangu alikuja kupika badala ya Georgine, na chumvi ya chupa niliendelea kuitengeneza mimi, nikiona fahari kwamba hata mgonjwa nina faida. Mbao za rundo zilikuwa bado nyingi. Kiangazi kilipofika tumbo lilikuwa linanikata kila siku, na sasa Debora naye alianza kushika tumbo lake, na mwalimu akatuma neno kwamba mtoto anasahau masomo aliyokuwa anayajua. Hapo ndipo niliogopa kweli. Kuhusu mimi nilikuwa nimeanza kuzoea wazo la kufa, lakini sikuwa tayari kumpeleka mtoto njia ileile. Na nilianza kuona, ingawa sikutaka kuona, kwamba mwenye sufuria ameondoka na sumu imebaki.

Nilirudi hospitalini peke yangu, bila dada na bila mganga. Kwenye chumba cha kusubiri alipita muuguzi mmoja mzee tuliyekuwa tunamwita Papa Dokta ingawa hakuwa daktari. Aliona kiganja changu kinaning'inia, akasimama. Aliniambia nifungue kinywa, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akaangalia kwa muda mrefu ufizi wangu, ambao ulikuwa na mstari mweusi. Nilifikiri ananusa pumzi yangu. Kisha akaketi kwenye benchi pamoja nasi wagonjwa.

“Mama, unafanyaka kazi ya rangi?”

Nikamwambia hapana, napika mikate. Akaniuliza napika kwa kuni gani, na mimi, hata katika hali ile, nikajisifu. Nikamwambia kuni zangu ni mbao za manyumba ya Wabelgiji, kavu, haziishi upesi.

“Iko na rangi?”

“Iko na rangi muzuri sana, Papa.”

Aliweka kalamu yake mfukoni. Akaniuliza majivu naweka wapi. Nilimweleza juu ya chumvi na bustani, na nilipofika kwenye sombe sauti yangu ilianza kupungua, kwa sababu uso wake ulikuwa unanijibu kabla hajasema.

Bunia hakukuwa na kipimo cha damu alichokitaka. Damu yangu na ya Debora ilisafirishwa mpaka Kampala. Ilivuka mpaka kabla yangu, maana mimi sijawahi kufika Uganda. Tulingoja jibu wiki tatu, na katika wiki hizo sikuwasha furu wala kula chochote cha bustani. Jibu lilipokuja Papa Dokta alilisoma mara mbili, kisha akasema kwa upole, “Ni plombu, Mama. Iko mingi. Ilikuwa mu rangi ya zamani. Hakuna mutu alikulisha sumu. Ulijilisha na mukono yako.”

Plombu, madini ya risasi, ni kile chuma kizito ambacho wavuvi wa Ziwa Albert wanakifunga kwenye nyavu ili zizame. Nilikuwa nakila kwa kijiko. Nililia pale pale, na watu wa kwenye benchi walidhani nimeambiwa nitakufa. Nilikuwa nalia kwa sababu nimeambiwa kitu, baada ya miezi yote ile ya kuambiwa sina kitu. Na nililia kwa sababu ya godoro lililofungwa kwa kamba.

Dawa nazo ziliagizwa kutoka mbali, vidonge vinavyonuka yai bovu. Sikutanii. Ukifungua kopo nyumba nzima inajua. Nilivimeza siku kumi na tisa, nikapumzika wiki mbili, nikaanza tena, na tangu hapo nahesabu mwaka ule kwa raundi. Raundi ya kwanza jasho langu lilinuka, mkojo ulinuka, na mume wangu alilala akigeukia ukuta lakini hakuhama kitanda. Kama umepewa vidonge hivi, usikate tamaa kwa sababu ya harufu. Debora hakuhitaji vidonge. Damu yake ilikuwa na kidogo kuliko yangu, na Papa Dokta alisema tumwondolee kile kinachomtia sumu, tumpe maziwa na maharagwe, na turudi kupima. Maziwa yalitoka kwa jirani mwenye ng'ombe wawili, ambaye kila asubuhi alijaza kikombe cha mtoto.

Kati ya raundi ya kwanza na ya pili nilibomoa furu langu. Papa Dokta alitufundisha namna. Tulilimwagia maji kwanza ili vumbi lisiruke, mume wangu akapiga nyundo na kitambaa kimefunga pua na mdomo. Matofali yale meusi tuliyatazama, tukajikuta na swali ambalo wale wa malori hawakujiuliza: tuyapeleke wapi? Bondeni karibu na chemchemi, hapana. Tulichimba shimo refu kwenye kona ya juu ya kiwanja, tukayazika pamoja na mbao zilizobaki, majivu na udongo wa bustani tulioukwangua, kisha tukafunika kwa udongo mwekundu. Lengalenga zangu zilikuwa nene na za kijani kibichi. Kuzing'oa kuliniuma kuliko kuvunja furu.

Wateja niliwaambia mwenyewe. Nilipita nyumba kwa nyumba, mtu ambaye kiganja kimoja bado kinaning'inia, nikiwaeleza kwamba mikate yangu ilikuwa na nini, na kwamba mwenye kuumwa tumbo aende akamwone Papa Dokta. Wengine walicheka. Mmoja alinifukuza na mwiko, na alikuwa na haki. Lakini wanawake kadhaa walinishika mkono wakanipeleka nyuma ya nyumba zao kunionyesha rundo lao la mbao za kijani, wakiuliza kwa sauti ya chini kama na hizi ni zile. Zilikuwa zile. Chifu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alipata habari, akaja kuona, na tangu hapo aliweka neno kwamba mbao za vifusi zenye rangi hazichomwi na majivu yake hayaliwi. Malori aliyaandikia barua. Bado yanamwaga, lakini sasa upande wa chini wa chemchemi, na naambiwa hayo ni maendeleo.

Kwa Georgine nilichelewa. Nilingoja raundi ya pili iishe, nikijidanganya kwamba ni kwa sababu ya harufu. Tulikwenda na mume wangu mvua za kwanza zikianza. Alikuwa mbele ya kibanda chake cha hema, anachambua maharagwe, na alituwekea kiti kimoja kwa sababu alikuwa nacho kimoja. Nilimweleza yote, tangu mbao mpaka Kampala. Nilimwambia kwamba chupa ya chumvi ilitoka kwangu, na lawama niliirusha kwake. Nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti kwenye matope, kwani sikuona namna nyingine. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema tumbo lake nalo lilikuwa linamkata wakati ule wote, ila mtu anayeshukiwa kutia sumu hawezi kusema anaumwa, watasema anaigiza. Akasema atafikiri. Tukarudi bila yeye.

Alikuja mwenyewe baada ya raundi ya tatu, siku ya Jumapili, na godoro lake. Hakutoa hotuba. Aliingia jikoni, akauliza chumvi iko wapi, na Debora akamwonyesha pakiti ya dukani. Papa Dokta alimpima naye. Dada yangu alikaa wiki mbili bila kuja, kisha akaja na kuku, akamkabidhi Georgine mkononi, akaenda kukaa mbali akizungumza juu ya hali ya hewa. Kwa dada yangu hayo ni maungamo makubwa.

Jibu la mwisho la damu lilifika maharagwe ya msimu yakitoa maua. Kiganja kilikuwa kimeanza kunyanyuka, nilikuwa naweza kukanda unga wa nyumbani, na furu jipya lilikuwa limesimama, linalowaka kwa kuni za mti tu. Papa Dokta alinipigia simu mwenyewe. Plombu imeshuka, yangu na ya Debora na ya Georgine, na hakuna haja ya raundi nyingine. Mume wangu aliimba. Debora aliruka mpaka akadondosha ndoo. Niliketi tu nikicheka bila sababu, mwili mwepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo na bado anauhisi shingoni.

Georgine hakuwepo uwanjani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa chini, uso ndani ya kitenge, analia kwa mabega. Nilidhani ananililia mimi kwa furaha. Nikamwambia wifi, nyamaza, imekwisha, nimepona.

“Niseme kweli,” alisema, “kuomba upone haikuwa juu ya mapendo tu. Kila asubuhi kule mu kambi nilikuwa naomba: Mungu, asikufe. Asikufe mbele ya kujua ukweli. Juu kama ulikufa, mimi nilikuwa nabaki mulozi, mutu wa sumu, mupaka ku kaburi. Hakuna mutu alikuwa atauliza tena juu ya kuni.”

Nilikaa chini karibu naye. Miezi yote ile nilikuwa nimeshukuru kupona kwa ajili ya Debora, kwa ajili ya mume wangu, na kwa ajili yangu mwenyewe. Sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu ambaye, siku zile zote, shahidi wake pekee alikuwa mimi kubaki hai.